Ubuyu ni Chakula, Tusiufanye Peremende

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa hupita Kibiti, kisha hufika Ikwiriri, iliko kata ya Umwe, kabla ya kulivuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji. Katika mwambao huo mbuyu ni mti wa kawaida, na mabuyu yake ni mali ya kila mtoto ajuaye kulenga jiwe. Huenda ni kwa sababu hiyo sisi wa mjini tumeudharau ubuyu. Tumeuacha uwe kitu cha watoto, wakauramba njiani watokapo shule.

Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula. Tangu hapo umekuwa ukipangwa madukani katika vifurushi vya bei kubwa. Je, wageni wameona nini ambacho sisi hatukukiona?

Katika gramu 100 za unga ule mweupe unaozunguka mbegu, kwa kawaida hupatikana miligramu 150 hadi 300 za vitamini C. Chungwa la uzito huo lina kama miligramu 50. Ni kweli kwamba hakuna alaye gramu 100 za unga mkavu kwa mara moja. Lakini gramu 20 tu zaweza kutoa miligramu 30 hadi 60, na mtu mzima huhitaji kama 45 kwa siku. Mabaharia wa zamani waliokosa vitamini hiyo waliugua kiseyeye, wakatokwa damu katika ufizi na kung'oka meno. Tena ubuyu una kalsiamu inayojenga mifupa, na nyuzinyuzi zinazosaidia choo.

Lakini faida inayotuhusu zaidi ni ya damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Familia nyingi hupata madini ya chuma kutoka katika kunde, maharage na mboga za majani, na mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo, huyafungulia njia. Kwa hiyo bilauri ya maji ya ubuyu pamoja na wali na kunde ina manufaa kuliko chai, ambayo huyazuia madini hayo.

Matayarisho yake ni mepesi. Loweka ubuyu mweupe katika maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa muda wa nusu saa. Koroga kwa mwiko hadi unga uachane na mbegu, kisha chuja. Usiupike, kwa maana moto huharibu vitamini C. Ukipenda kuutia katika uji, ngoja kwanza uji uepuliwe na upoe kidogo. Sukari iwe haba.

Ule ubuyu mwekundu wa mitaani umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Mtoto aurambaye kutwa hupata sukari nyingi ya kuozesha meno, na vitamini chache. Si haramu kuonja siku moja moja, ila tusidhani tumemlisha.

Akina mama na akina baba wakumbuke mambo mawili. Mtoto mdogo asipewe mbegu, maana zaweza kumkaba koo. Na aliye chini ya miezi sita hahitaji ila maziwa ya mama. Pili, ubuyu si dawa. Damu hupunguzwa pia na malaria, minyoo na kichocho. Mtoto aliyepauka viganja na kuchoka ovyo, au mama mjamzito mwenye dalili hizo, apelekwe zahanati bila kuchelewa, na vidonge alivyoandikiwa avimalize.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Jumapili hii, utokapo sokoni, chukua kibaba cha ubuyu mweupe, uuweke mezani pamoja na chakula cha jamaa yote.