Kuizunguka Milima ya Rwenzori kwa Miguu

Watu wengi wakisikia habari za safari ya mlimani hufikiri kilele peke yake. Huuliza urefu wake, na baridi yake, na kama pana theluji, lakini ni wachache waulizao, "Mwenzetu akiugua njiani, tutamteremsha kwa wapi?" Katika mazungumzo haya tumekusudia kulieleza swali hilo, na mfano wetu ni safari ya kuizunguka milima ya Rwenzori, iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo.

Mtu apandaye Kilimanjaro hupanda kisha hushuka, na mahali pengi anajua ya kuwa mteremko uko nyuma yake. Rwenzori si hivyo. Si mlima mmoja, bali ni milima mingi iliyosimama karibu karibu, na mabonde yenye kina katikati yake. Kilele chake kirefu, Margherita, kina futi 16,763, nacho ni cha tatu katika Afrika nzima. Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi aliyetoka Italia, alikipanda mwaka 1906 akakipa jina la malkia wa nchi yake. Asafiriye huko siku hizi haendi na kurudi kwa njia moja. Huingia kwa bonde moja, akavuka vilango virefu, akatokea kwa bonde jingine. Neno kilango hapa lina maana ya mahali pa kuvukia baina ya vilele viwili.

Safari huanza kijijini Nyakalengija, upande wa mashariki, katika nchi ya Wakonzo. Siku ya kwanza hufika kambi ya Nyabitaba, yapata futi 8,700. Siku ya pili huvuka daraja mahali mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, akaufuata mto Bujuku mpaka kambi ya John Matte, juu ya futi 11,000. Siku ya tatu hupita katika kinamasi cha Bigo, mahali penye matope mengi, akalala Bujuku, futi 13,000. Toka hapo njia hupanda kwa ukali mpaka Kilango cha Scott Elliot, chenye futi 14,344, nayo njia ya kilele hutengana kwenda kambi ya Elena, karibu futi 14,900. Ng'ambo ya kilango ziko ziwa mbili za Kitandara, na kambi kando yake kwa futi 13,200. Kisha hupanda tena Kilango cha Freshfield, futi 14,050, ndipo aanze kushuka kwenda kambi ya Guy Yeoman, na Nyabitaba, na nyumbani.

Twamwomba msomaji achukue kalamu achore njia hiyo katika karatasi, aandike na futi zake. Akiisha, na atazame Kitandara. Ataona ya kuwa mahali hapo ni kama chini ya bakuli. Nyuma yake pana kilango, na mbele yake pana kilango. Maji ya ziwa zile hayaji Uganda. Hutiririka magharibi kwenda Kongo. Basi mtu aliye mgonjwa Kitandara hawezi kurudi alikotoka pasipo kupanda kwanza zaidi ya futi 1,100, wala hawezi kwenda mbele pasipo kupanda zaidi ya futi 800.

Na ugonjwa wenyewe dawa yake kubwa ni kushuka. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili unahitaji siku kadha wa kadha kuizoea. Asiyeizoea huumwa na kichwa, hupatwa na kichefuchefu, hukosa usingizi, wala hataki chakula. Hayo ni ya mwanzo, na mara nyingi huondoka akipumzika pale pale bila kupanda zaidi. Lakini akianza kupepesuka kama mlevi, au kuhema hali ameketi, au kukohoa makohozi yenye povu, hana budi kuteremshwa saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, maana asiposhushwa aweza kufa. Nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Kijana hodari huupata kama mwingine, na pengine zaidi, kwa sababu yeye hukimbia.

Kwa hiyo twasema ya kwamba mahali pa kukata shauri ni Bujuku. Pale bonde lote liko wazi nyuma, na mgonjwa aweza kuteremka na mto mpaka John Matte pasipo kilango cho chote. Shauri hilo lipangwe nyumbani, watu wangali na akili zao timamu: ye yote aliye na kichwa kinachouma asubuhi ya Bujuku havuki. Hali kadhalika mtu akiugua Elena, arudishwe Bujuku, asipelekwe Kitandara, ingawa Kitandara nako ni chini kuliko Elena.

Tena zihesabiwe siku. Waganga hushauri ya kuwa mtu akiisha pita futi 10,000 asipandishe malalo yake zaidi ya futi 1,600 hivi kila siku, na baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja. Pima mwenyewe: toka Nyabitaba mpaka John Matte imekwisha zidi, toka Bujuku mpaka Elena imezidi tena. Sisi twaona ni heri kulala John Matte usiku mbili, au Bujuku usiku mbili, kuliko kuiona siku hiyo kuwa hasara. Safari ya siku saba au nane ipangwe kuwa tisa, na chakula kichukuliwe cha siku kumi na moja.

Katika chakula maharagwe yaachwe nyumbani. Penye futi 13,000 maji huchemka yakiwa na joto la digrii 87 tu, si 100, na maharagwe yatachemka mchana kutwa yakabaki magumu. Unga, samaki wakavu, karanga na sukari vyafaa zaidi. Kuni hazikatwi, kwa kuwa milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991; lazima kuchukua jiko na mafuta yake.

Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima. Miezi iliyo afadhali ni Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti, nayo si mikavu, ni afadhali tu. Viatu vya mpira virefu ndivyo vya kinamasini, na nguo za kulalia zifungwe katika mfuko usiopenya maji, zisiguswe mchana hata mtu akitetemeka. Atakaye kilele huhitaji vyuma vya kuvaa chini ya viatu, kamba, na sururu ndogo ya barafu. Barafu yenyewe inapungua: kati ya mwaka 1987 na 2003 peke yake ilipotea yapata nusu. Basi njia iliyoandikwa katika ramani ya zamani isiaminiwe mpaka kiongozi wa Kikonzo aulizwe, naye kiongozi ni lazima kwa kila msafiri.

Wapagazi nao ni watu wa safari. Wahesabiwe katika chakula, katika mablanketi, na katika ile kanuni ya Bujuku. Kwa kuwa mpagazi aweza kunyamaza na kichwa chake akiogopa kukosa ujira. Aambiwe mapema, mbele ya wenzake, ya kuwa akirudishwa kwa ugonjwa atalipwa siku zake zote.

Neno la mwisho ni karatasi. Kabla ya kuondoka Nyakalengija iachwe orodha ya majina, na kambi ya kila usiku, na siku ambayo wasipoonekana watafutwe. Siku hiyo iwekwe mbele ya siku ya kurudi kwa siku mbili, si zaidi, na wakirudi salama aliyeachiwa karatasi apewe habari jioni ile ile, asije akawatuma watu mvuani bure.