Bastola ya Kwanza: Kibali Hutangulia Bei

Wananchi wa mpakani hutuuliza ni bastola ipi iliyo nafuu kwa anayeimiliki mara ya kwanza. Twajibu: kibali hutangulia bei. Kisha hutazamwa kaliba, yaani kipenyo cha mtutu. Kusema "milimita 9" hakutoshi, kwani risasi ya 9x19 ni ndefu kuliko ya 9x18 ya Makarov. Kuzichanganya kwaweza kuharibu silaha na kumjeruhi mwenyewe.

Bastola ya magendo, iliyofutwa namba, huonekana rahisi. Hata hivyo, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 huzitaka nchi zetu kuziwekea silaha alama za utambulisho. Gharama ya kuikiuka sheria ni kifungo, na pengine uhai wa jirani. Aliye nayo na aisalimishe kwetu.