Suti ya Shemeji: Jalang'o, Papa Shirandula na Uongo Unaochekesha

Mwenzangu, umewahi kucheka kitu kwenye TV, halafu ukageuka ukakuta mtu wa pembeni yako hacheki? Mimi imenitokea, nyumbani kwa dada yangu Nyamwaga, na imenichukua miaka mingi kuelewa kwa nini.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, nikaenda kukaa kwa dada miezi miwili. Kwa wasiopajua, Nyamwaga iko Tarime, ukishika njia ya kwenda Nyamongo kwenye dhahabu. Kenya iko pua na mdomo. Ukiwasha redio unakutana na sauti za Migori kabla hujafika kwenye sauti za Dar. Dada alikuwa na TV ya chogo na dishi lililokuwa linashika Citizen ya Kenya. Mgeni rasmi sebuleni kwake alikuwa Papa Shirandula.

Kama hukuwahi kuiona, stori yake ni hivi. Papa, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ni mlinzi wa getini. Ila mkewe Wilbroda anajua mumewe ni bosi wa ofisini. Kila asubuhi Papa anatoka nyumbani kapiga suti, tai imekaza shingo. Akifika kazini anavua, anavaa sare ya ulinzi. Jioni suti tena.

Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Dada ndiyo usiseme. Ila shemeji kipindi kikianza tu alikuwa anakumbuka ng'ombe. "Ngoja nikaangalie zizi." Siku nyingine alikuwa anasema tunamaliza umeme. Nikajisemea moyoni, huyu mura hana hata chembe ya ucheshi, dada yangu kapata wapi mtu mkavu hivi?

Kijana mwenye jina lake mwenyewe

Aliyekuwa ananimaliza mimi si Papa. Ni kijana mmoja mwenye lafudhi ya Kijaluo, anaongea haraka kama anadaiwa, aliyeitwa Jalang'o. Jina lake halisi ni Felix Odiwuor, mtu wa upande wa Homa Bay, si mbali na kwetu ukishavuka mpaka na kuimaliza Migori. Alianzia kwenye maigizo ya jukwaani jijini Nairobi, kabla ya Papa Shirandula kuibeba sura yake hadi vijijini. Jina la kwenye igizo likamganda, na hadi leo wengi hawajui kama ana jingine.

Lakini TV peke yake isingemfikisha alipofika. Kilichomjenga ni redio, tena ile ya asubuhi, saa ambazo watu wako kwenye matatu au wanapiga pasi shati la kazini.

Hebu fuatilia safari yake. Alikaa Kiss 100, stesheni ya Kiingereza, pembeni ya Caroline Mutoko, dada mwenye msimamo na ulimi usiomwogopa waziri wala mchungaji. Akaenda Radio Maisha, ya Kiswahili, akaungana na Alex Mwakideu. Akahamia Hot 96, akakaa na Jeff Koinange, mwandishi ambaye dunia ilimjua kupitia CNN. Akaenda Milele FM na kukutana tena na Mwakideu. Mwaka 2020 akarudi kule kule Kiss 100, safari hii na Kamene Goro.

Umeona kitu hapo? Hakuna mahali alipokuwa peke yake. Mchekeshaji wa redio ni kama mtu kwenye ndoa. Anahitaji mwenzake wa kumwambia "hebu subiri, hapo umevuka mstari," na mwenzake huyo awe na roho ya kumwachia amalizie utani hata kama utani wenyewe unamhusu. Mmoja anarusha, mwingine anadaka. Wote wawili wakiwa warushaji, msikilizaji anahama. Na Mwakideu naye ni somo. Waliachana kikazi, wakarudiana kwenye stesheni nyingine, na wasikilizaji wakawapokea kama wanandoa walioyamaliza. Wangapi kati yetu tukiachana na mtu tunaacha mlango ambao unaweza kufunguka tena?

Siku shemeji alipovuliwa suti

Sasa nirudi Nyamwaga. Mimi nilishapata kazi, niko Dar, dada akanipigia simu analia. Mtoto alikuwa na homa, akampeleka Tarime mjini. Wakati anatafuta usafiri wa kurudi akapita mbele ya geti la kampuni moja. Getini kasimama mlinzi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mtoto ndiye aliyemjua kwanza, akaita "Baba!"

Miaka miwili shemeji alikuwa anaondoka nyumbani na shati jeupe na faili kwapani. Dada alijua ni karani.

Sikujua nimwambie nini. Nilichokumbuka ni zile jioni za Papa Shirandula, na yule mwanaume aliyekuwa anatoka nje kwenda kuhesabu ng'ombe waliokwisha kuhesabiwa. Kumbe alikuwa anakimbia. Sisi tulikuwa tunacheka maisha yake, yeye akiwa amekaa humo humo ndani.

Dada aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sare hainiumi, mdogo wangu. Ulinzi ni kazi, inalisha watoto. Kinachoniuma ni lile shati jeupe. Nimelifua mimi, nimelipiga pasi mimi. Nimeupiga pasi uongo kwa mikono yangu."

Kwa nini tunacheka

Uongo wa Papa haukutungwa kutoka hewani. Sisi wanawake tuseme ukweli, tunapoletewa mchumba swali la kwanza ni lipi? "Anafanya kazi gani?" Na jibu likiwa "mlinzi" kuna shangazi atakohoa. Kwetu Mara, ambako mwanaume hupimwa kwa ng'ombe na kwa kutoogopa kitu, kijana wa kipato cha chini hujikuta hana kwa kujificha isipokuwa ndani ya suti. Hiyo haimpi haki ya kudanganya. Ila inakuonyesha nani mwingine alishiriki kuishona hiyo suti.

Wazee wetu waliujua mlango wa kutokea. Waliweka utani. Babu anamtania mjukuu, mtani anakuja msibani na kusema maneno ambayo akiyasema ndugu panachimbika. Utani unautoa ukweli nje bila mtu kushika panga. Papa Shirandula na Jalang'o walikuwa watani wetu kwenye TV. Walituambia jambo ambalo mkwe asingethubutu kulisema.

Kicheko kilipokatika

Tarehe 18 Julai 2020 Charles Bukeko alifariki dunia Nairobi, kipindi kile cha korona. Alikuwa na miaka 58. Ndiye yule yule jamaa wa tangazo la Coca-Cola la "Brrr" wakati wa Kombe la Dunia la 2010, kwa hiyo hata wasiomjua Papa walikuwa wanaijua sura yake. Akazikwa haraka, kwao Busia. Vijana aliowabeba kwenye igizo lile walibaki kama watoto wa nyumba iliyoondokewa na baba, na Jalang'o alikuwa mmoja wao.

Siku ile dada alinipigia. Hakusema mengi. Aliniambia tu, "Shemeji yako kakaa kwenye TV tangu asubuhi. Hajaenda zizini."

Mcheshi akitaka kuaminiwa

Mwaka 2022 Jalang'o aliacha maikrofoni ya Kiss, akagombea ubunge wa Lang'ata, Nairobi, kwa tiketi ya ODM. Watu walicheka, kama kawaida. Agosti mwaka huo akamshinda Nixon Korir, aliyekuwa anakikalia kiti hicho. Hakuwa wa kwanza kutoka kwenye vichekesho. John Kiarie wa kundi la Redykyulass alikuwa ameshaingia bungeni mwaka 2017 kupitia Dagoretti Kusini.

Bungeni hakuna kicheko cha kubandika. Februari 2023 alikwenda Ikulu kukutana na Rais William Ruto wakati chama chake kiko upinzani. Waliokuwa wanampenda asubuhi wakamwita msaliti jioni. Septemba mwaka huo ODM ikatangaza kumfukuza uanachama pamoja na wenzake kadhaa. Mvutano ukafika mbele ya baraza la migogoro ya vyama, na ubunge akabaki nao. Alikosea au alipatia, hayo nawaachia watu wa Lang'ata. Mimi najali swali lingine, linalotuhusu hata sisi tusiopiga kura Kenya: mtu aliyekuchekesha miaka yote, siku akikuambia jambo zito, unamsikiliza au unasubiri mwisho wa utani?

Niliwahi kutoka na mcheshi. Kila nikimuuliza ya maana, ananipa kichekesho. Siku alipotaka kuniambia kweli kwamba amechoka na mimi, nilicheka. Niligundua wiki ya pili, simu ilipoacha kuita.

Kama mwenzi wako ni mcheshi

• Angalia anachokimbia. Mtu anayechekesha kila kitu isipokuwa jambo moja, hilo moja ndilo la kuongea.
• Mpe saa isiyo na utani, hata nusu saa kabla ya kulala.
• Usimcheke anapokuwa serious mara ya kwanza. Anaweza asirudie.
• Kazi yake isiwe aibu yako mbele ya mashoga. Ukiificha wewe leo, kesho ataificha yeye kwako.

Desemba nilikuwa Nyamwaga tena. Dada na shemeji bado wapo, watoto wamekua. Msamaha haukuja siku moja. Dada alikaa kwa mama miezi minne kabla ya kurudi. Sasa hivi shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi, ila sare yake ya zamani haijatupwa. Imetundikwa nyuma ya mlango.

Asubuhi moja nilimsikia dada akimwambia, "Baba watoto, leo unavaa ipi, ya bosi au ya getini?"

Shemeji akacheka. Safari hii wa kwanza kucheka alikuwa yeye.