UNAUZA BAISKELI ZA MTUMBA? PIMA FREMU KABLA YA KUTOA HELA

Mfanyabiashara, kwenye mzigo wa mtumba kutoka Ulaya kuna baiskeli zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ila tairi zake zina kashata. Hizo ni saiklokrosi, za mashindano ya kwenye tope na nyasi. Njia zetu za vumbi zinaziweza kuliko baiskeli ya mbio za lami.

Kasheshe iko kwenye saizi. Ukinunua fremu kubwa kuliko wateja wako, mtaji umelala. Ukimuuzia mtu isiyomfaa, mgongo na magoti vitamuuma, na jina lako ndo litaharibika mtaani.

Fanya hivi:

1. Usiangalie rimu. Saiklokrosi ndogo na kubwa nyingi zina rimu ileile ya 700C. Saizi iko kwenye fremu.

2. Usiamini namba peke yake. Fremu iliyoandikwa 54 mara nyingi maana yake bomba la siti lina sentimita 54, ila siyo kila mara. Lakini kiwanda kimoja kinapimia mpaka katikati ya bomba la juu, kingine mpaka mwisho wa bomba la siti. Chukua futi, pima mwenyewe.

3. Mpime mteja. Avue viatu, asimame ameegemea ukuta, abane kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa. Pima toka sakafuni hadi juu ya kitabu, zidisha kwa 0.65. Mguu wa sentimita 80 unatoa 52. Kwa saiklokrosi punguza 1 au 2, maana mwendeshaji anashuka na kupanda mara kwa mara. Hapo mpe 50 au 51.

4. Apite juu ya fremu, asimame miguu yote chini. Kati yake na bomba la juu ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5.

5. Pima urefu wa kwenda mbele, toka bomba la siti hadi bomba la usukani. Hapa ndo wengi wanakosea! Siti inapanda na kushuka, ila urefu huu haubadiliki. Kubadili shingo ya usukani kunasaidia sentimita chache tu. Mteja akishika breki, viwiko vikunje kidogo. Mikono ikinyooka kama fimbo, fremu ni ndefu kwake.

6. Kata kona taratibu. Kwenye fremu ndogo, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele. Mwambie mteja mapema, asije akaanguka akakulaumu.

Mwisho, kuwa na daftari. Kila mteja anayeulizia, andika saizi yake, hata asiponunua. Siku ya kufuata mzigo, daftari ndo likuchagulie, usichague kwa rangi.

Mtumie na mwenzako anayeuza baiskeli. Wateja wako wengi ni saizi gani?