Khati na Herufi za Chapa: Tofauti Zake na Uhusiano Wake

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu yetu mmoja wa Itiryo, wilayani Tarime, alituletea karatasi ya darsa iliyochapwa kwa kompyuta. Akatuuliza, mbona hawezi kuisoma Basmala iliyo juu yake ilhali amekwisha hitimu Msahafu? Tulipoitazama tukaona herufi zimeachana, kila moja peke yake, tena zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa halikuwa la msomaji. Akauliza tena: je, si bora turudi kuandika kwa mkono? Swali hili linahitaji ufafanuzi.

Khati ni nini?

Khati ni fani ya kuandika herufi kwa mkono, kwa kalamu ya mwanzi na kwa vipimo maalumu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940), ni miongoni mwa waliozipimia herufi kwa nukta ya kalamu. Mwandishi wa khati huirefusha au huifupisha herufi kwa kutazama jirani yake na nafasi iliyobaki katika mstari. Fani hii si ngeni kwetu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa wanakili wa Misahafu.

Herufi za chapa ni nini?

Hapa umbo la herufi hutengenezwa mara moja, kisha likarudiwa. Herufi za Kiarabu nyingi hushikana, na hubadilika zikiwa mwanzo, katikati, mwisho au peke yake. Ndiyo maana wapiga chapa wa zamani walihitaji mamia ya vipande vya risasi. Unguja nayo ilipata mtambo wake wa chapa zama za Sayyid Barghash (1870–1888), ukatoa vitabu vya fiqhi. Leo kompyuta ndiyo inayochagua umbo. Programu isiyoujua mwandiko wa Kiarabu hufanya kama yaliyotokea katika karatasi ile ya Itiryo.

Uhusiano wake

Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924 ulipangwa kwa herufi za chapa, nazo zilifuata khati ya naskhi. Msahafu wa Madina, wenye kurasa 604, wengi hudhani umepigwa kwa mashine. Sivyo. Uliandikwa kwa mkono na Uthman Taha wa Syria, ukakaguliwa na wanazuoni, kisha ukachapwa katika kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa mwaka 1984. Basi mkono ndio uliotangulia, na mtambo ndio unaoeneza.

Tunachopaswa kufanya

Aya ni aya, iwe imeandikwa kwa wino au imechapwa, na heshima yake ni moja. Lakini kosa la mkono hubaki katika nakala moja, ama kosa la chapa huingia katika nakala elfu kwa siku moja. Zaid bin Thabit (r.a.), pamoja na kuwa hafidhi, hakutosheka na hifdhi yake alipoikusanya Qur'ani, alitaka na maandishi. Amana, basi, imo katika kukagua.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu: kabla ya kutoa nakala, mpeni hafidhi aisome karatasi yenyewe, si kioo cha kompyuta. Herufi zikiachana, iandikeni aya kwa mkono ndipo mtoe nakala, au tajeni sura na namba ya aya pamoja na maana yake. Karatasi zilizokosewa zichomwe au zizikwe mahali safi, zisije zikafungiwa maandazi sokoni.

Jibu letu kwa ndugu yetu ni hili: usiiache chapa, wala usiizike kalamu. Mwanafunzi asiyejua kuandika herufi kwa mkono wake hatalijua kosa la mashine akiliona.

Wallahu a'alam.