Mwana mpotevu: Hadithi moja, mafunzo matatu ya Wamormoni

HEBU fikiria, msomaji. Una watoto wawili. Mmoja amekaa nyumbani akikusaidia kazi bila kunung'unika. Mwenzake alichukua karo, akaiponda raha mjini, na sasa anabisha hodi akiwa amekonda. Je, utamchinjia kuku? Na yule aliyebaki utamwambia nini?

Hicho ndicho kiini cha hadithi ya mwana mpotevu katika Luka 15. Wengi wetu hudhani ina funzo moja tu. La hasha! Tazama jinsi ilivyofafanuliwa na viongozi watatu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni. Makao yake makuu yako Salt Lake City, Marekani, na hekalu lake la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025.

Wa kwanza ni Spencer W. Kimball, aliyekuja kuwa rais wa kanisa hilo kutoka 1973 hadi 1985. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu msamaha, alimtetea kaka mkubwa. Mdogo alipokewa, ndiyo, lakini urithi alioutapanya haukurudi. Mali yote iliyosalia ilikuwa ya mkubwa. Funzo: ni heri kutopotea kabisa kuliko kupotea na kurudi.

Aprili 2002, Jeffrey R. Holland alimtazama kaka huyo kwa jicho jingine. Alihubiri kuwa huyu naye alikuwa mpotevu, ingawa hakutoka nyumbani. Kilichomuuma si mdogo wake kurudi, bali ni shangwe aliyopokewa nayo. Funzo: mwenzako akibarikiwa, wewe hupungukiwi.

Kisha Oktoba 2023, Dieter F. Uchtdorf, aliyewahi kuwa rubani wa ndege nchini Ujerumani, aliwageukia walioondoka. Aliwaambia kuwa njia ya nyumbani ingali wazi, hata kama wamekaa mbali miaka mingi.

Yupi kati yao amekosea? Pengine hakuna. Wa kwanza alimwonya anayeichezea dhambi, wa pili akamtibu mwenye kijicho, wa tatu akamwita aliyekata tamaa.

Hatari huja neno la mmoja linapomfikia asiyekusudiwa. Mahubiri ya mikutano mikuu ya Aprili na Oktoba huchapishwa, na waumini huyajadili katika makanisa yao. Huko hakuna mchungaji wa kulipwa. Askofu huwaomba waumini wa kawaida, hata vijana, wahubiri Jumapili. Sasa mfikirie mama ambaye mwanawe hajulikani aliko. Akisikia funzo la kwanza pekee, atarudi nyumbani amevunjika moyo. Naye binti aliyebaki kumtunza mama huyo, akisikia la tatu pekee, ataona uaminifu wake ni ujinga.

Basi mzazi, kabla hujaitumia hadithi hii kumkemea mtoto, jiulize ni nani anayekusikiliza. Luka hasemi kama kaka mkubwa hatimaye aliingia karamuni. Anasema tu kwamba baba alitoka nje kumsihi.

Wahenga walinena kuwa mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Ni kweli. Lakini yule ambaye hakukuchafua naye yuko papo hapo mezani, anakutazama. Leo jioni utamwambia nini?