Gari la turbo mjini Juba: petroli ya daraja la juu au ya kawaida?

JUBA: Mfanyabiashara anayepeleka Juba Subaru yenye turbo au BMW hukutana na swali lile lile kutoka kwa mteja: gari hili linatumia petroli gani? Jibu likikosewa, injini inaweza kuharibika kabla mteja hajamaliza kulipa. Na atakayelaumiwa ni aliyeuza gari, si aliyeuza mafuta.

Kwa ufupi, petroli ya daraja la juu haihitajiki kwa kila gari. Inahitajika kwa injini za aina fulani, na kwa injini hizo ni jambo la lazima. Hata hivyo, kwa Juba kuna suala linalotangulia daraja la petroli, nalo ni kama petroli yenyewe haijachanganywa.

Oktani ni nini?

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Si kipimo cha nguvu, wala cha usafi.

Ndani ya silinda, hewa na petroli hugandamizwa, kisha plagi hutoa cheche. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye turbo inayosukuma hewa nyingi zaidi, huwa na shinikizo na joto kubwa. Petroli yenye oktani ndogo ikitumika humo, sehemu yake hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia. Dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa anapopanda mlima au kukanyaga mafuta kwa ghafla. Mafundi husema injini inagonga. Hali hiyo ikiendelea, pistoni huweza kupasuka na gasketi ya silinda hedi kuungua.

Magari mengi ya kisasa yana sensa inayotambua kugonga, na kompyuta ya injini huchelewesha cheche. Injini husalimika, lakini nguvu hupungua na mafuta hutumika zaidi. Gari ambalo kompyuta yake imechezewa ili kuongeza kasi huwa katika hatari kubwa zaidi.

Namba hutofautiana kwa nchi

Nchini Japani, petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ya daraja la juu, ambayo Wajapani huiita haioku, isiyopungua 96. Katika Falme za Kiarabu, vituo huuza 91, 95 na 98.

Marekani hutumia kipimo kingine. Namba 91 kwenye kitabu cha gari la Marekani ni sawa na takribani 95 hadi 96 kwa kipimo cha RON kinachotumika Japani, Dubai na Afrika Mashariki. Wanunuzi wengi hukosea hapo.

Toyota Vitz, Toyota Premio na Subaru Forester isiyo na turbo zilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani. Forester nyingi zenye turbo, Impreza WRX STI, BMW na Toyota Mark X za kizazi cha kwanza zinahitaji haioku. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko, au tazama kitabu cha gari. Kama maandishi ni ya Kijapani, tafuta mtu wa kukutafsiria kabla ya kulipa.

Lilikuwa zima Nairobi, Juba linagonga

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Juba iko karibu mita 550 tu, na joto lake hufikia nyuzi 38 na zaidi katika miezi ya Februari na Machi. Injini isiyo na turbo hupata hewa nzito zaidi Juba, kwa hiyo shinikizo ndani ya silinda huongezeka. Joto nalo huzidisha uwezekano wa kugonga.

Ndiyo maana gari lililojaribiwa Nairobi bila kasoro linaweza kugonga Juba kwa petroli ya ubora ule ule. Si lazima iwe muuzaji amedanganya.

Safari ya mafuta

Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi na kuyasafirisha kwa bomba kupitia Port Sudan, lakini petroli ya Juba kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo kupitia Mombasa. Hupita Kenya na Uganda, huvuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha malori humalizia kilomita 192 za barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 2012.

Kila mahali mafuta yanapohamishwa pana nafasi ya kuyachanganya. Sababu ni bei: mafuta ya taa yakiwa nafuu kuliko petroli, mchanganyaji hupata faida kwa kila lita. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili kuziba pengo hilo.

Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno. Yakichanganywa, hushusha oktani ya petroli yote, hata kama ilitoka bandarini ikiwa ya daraja la juu. Wakati wa uhaba wa 2015 na 2016, petroli iliuzwa Juba kwenye chupa kando ya barabara. Mnunuzi wa chupa hana njia ya kujua imepitia mikono ya nani.

Hesabu

Tuseme petroli ya daraja la juu inazidi ya kawaida kwa shilingi 15 za Kenya kwa lita. Tangi la lita 50 litakugharimu shilingi 750 zaidi, na ukijaza mara nne kwa mwezi ni 3,000. Kwa mwenye Premio, fedha hizo zimepotea bure. Kwa mwenye turbo, ni kidogo mno zikilinganishwa na gharama ya kufungua injini.

Mnunuzi wa jumla adai cheti cha ubora cha mzigo kutoka ghala, chenye namba ya RON na uzito kwa lita. Petroli huwa kati ya kilo 0.72 na 0.78 kwa lita. Mafuta ya taa huwa karibu 0.80. Dereva naye anaweza kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka, ila ikiacha alama ya mafuta ni dalili ya kuchanganywa. Kipimo hiki si cha maabara, lakini husaidia.

Mwenye turbo asipopata petroli ya oktani inayotakiwa, ajaze kwenye kituo anachokiamini, aendeshe taratibu, asibebe mzigo mzito na asikanyage mafuta kwa nguvu. Injini ikianza kugonga, apunguze mwendo mara moja. Na muuzaji wa gari amweleze mteja haya yote kabla ya kupokea fedha.